Masharti ya Mkono

Mama alirudi kutoka Nairobi na titi moja na masharti mengi. Titi lililokatwa alilisamehe upesi. Alisema limenyonyesha, limemaliza kazi yake, Mungu alipokee. Masharti ndiyo yaliyomkosesha raha, na mimi pia, kwa sababu habari ya titi ilikuwa imekwisha na habari ya mkono ilikuwa haijaanza.

Ilikuwa mwaka 1991. Alikuwa amepasuliwa hapa hapa Kigali, upande wa kulia, wakatoa titi pamoja na tezi za kwapa. Kisha wakasema anahitaji mionzi, na mionzi hatukuwa nayo nchini. Kaka yake alikuwa akiishi Nairobi, kwa hiyo nikampeleka huko. Njia ya Uganda ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vita vya kaskazini, tukazunguka kwa Tanzania, mama amebana mto mdogo kwapani, na kila shimo la barabara akilitaja jina la Mungu. Nilichaguliwa mimi kumsindikiza kwa sababu nilikuwa fundi cherehani mwenye meza yake mwenyewe barazani Nyamirambo, sikuwa na mume wa kumwomba ruhusa, na mdomo ninao. Pale mpakani mdomo ulitufaa kuliko vitambulisho.

Siku ya mwisho kule hospitalini muuguzi mmoja alitukalisha kwenye benchi, akauchukua mkono wa kulia wa mama na kuulaza juu ya magoti yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, asiyeharakisha neno. Alieleza kwamba mbali na damu, mwili una maji mengine yanayopita katika mifereji myembamba kuliko uzi. Mifereji ya mkono hupitia kwapani, kwenye tezi. Tezi za mama zimetolewa, tena nyingi, halafu mionzi imepita palepale ikababua baadhi ya njia zilizosalia. Siku maji yatakapozidi njia, mkono utavimba, na mkono uliovimba namna hiyo ni vigumu kurudi ulivyokuwa.

"Lini?" mama akauliza.

"Huenda usivimbe kabisa. Huenda ikawa mwezi ujao. Huenda ikawa miaka kumi kutoka leo, wakati umeshasahau."

Nilimkasirikia yule mtoto wa watu bure. Nilitaka atupe muda, kama mtu anavyopewa muda wa kumeza vidonge au wa kukaa eda, kwamba ukifika mwisho wake unavua nguo za kungoja na kuendelea na maisha. Yeye akaendelea na masharti. Mama asipigwe sindano mkono huo, asitolewe damu, asifungwe kile kitambaa cha kupimia presha. Asibebe ndoo wala mtoto. Asivae bangili ya kubana. Asijiunguze, asijikate, asikune kipele mpaka kikatoka damu. Alale ndani ya chandarua, apake mafuta ngozi isipasuke, na mchubuko wowote auoshe hapo hapo. Akiona wekundu na joto akimbilie hospitali. Na apunguze mwili, maana unene nao unaongeza hatari. Mama alimtazama muuguzi kuanzia shingoni hadi miguuni, wakacheka wote wawili mpaka benchi likalia.

Halafu muuguzi akasema asinyoe kwapa kwa wembe, na mama akaacha kucheka. Kwetu kunyoa kwapa ni suna, na mama hakuwa mtu wa kulegeza suna. Aliuliza kama hata wembe mpya haufai. Muuguzi akamwambia atumie mkasi, taratibu, binti yake amsaidie. Mama akaitikia vizuri sana, lakini mimi namjua mama yangu. Alichokishika kichwani ni kwamba ubaya wa wembe ni uchafu.

Tulikuwa tukikaa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, na mama alikuwa akipika chapati na sambusa za kuuza mlangoni. Kazi ya kukanda aliihamishia mkono wa kushoto, na palipotaka nguvu nikakanda mimi kabla ya kwenda kwenye cherehani. Alivaa glavu za mpira akichochea mkaa na akiosha sufuria, wateja wakambandika jina la Daktari. Aliwajibu kwamba ndiyo, wapange mstari awachome sindano.

Kigumu kilikuwa salamu. Kigali watu hawasalimiani kwa mbali. Wanakukumbatia, wanakushika juu ya viwiko, wanakubana kidogo, ndipo wanakuachia. Mama alianza kurudi nyuma hatua moja. Kumpa mtu mkono wa kushoto ni tusi, kwa hiyo akawa anaweka kiganja kifuani na kuinama. Majirani walisema amekuwa mtu wa Kiyovu, kule kwenye majumba ya mabustani ambako watu husalimiana kwa kutikisa vichwa. Angeweza kuwaambia sababu, lakini hakutaka mtu ajue habari za titi. Aliweka kitambaa ndani ya sidiria, nikamshonea magauni mapana, na mtaa mzima ukabaki haujui. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia siku moja kwa hasira. Akanijibu kwamba kwa jinsi mji ulivyo, kifo kina wengi wa kuwaumbua kabla ya kufika kwake.

Hakukosea. Miaka ile mji ulikuwa unaharibika mbele ya macho yetu na sisi tunaendelea kununua nyanya. Guruneti lilirushwa sokoni, jingine kwenye stendi ya mabasi. Vijana walipita barabarani wakiimba, wamevaa vitenge vya chama, na watu wakaanza kufunga milango kabla jua halijazama. Kila mtu alikuwa ametega sikio, ingawa ukimuuliza anasikiliza nini angekuambia hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimeutega mkono wa mama. Kila Ijumaa akishaoga, nilichukua futi yangu ya kushonea nikapima mkono wa kushoto na wa kulia, juu ya kiwiko na kwenye kifundo. Nikasema sawa, mama akasema alhamdulillahi, tukanywa chai.

Mwishoni mwa 1993 nilimshonea gauni la kwendea harusi. Alipolivaa, mkono wa kushoto ulipita na wa kulia ukakwama juu ya kiwiko. Ijumaa iliyotangulia futi ilikuwa imesema sawa, kwa hiyo nikafikiri nimekosea kukata. Nikalifumua gauni, nikalaza vipande viwili vya mikono yake kimoja juu ya kingine. Vililingana mpaka ncha. Nilikaa navyo mapajani, sikutaka kuinua macho.

"Imekuja," mama akasema.

Nilitazamia kwamba atalia. Alikasirika. Alizunguka uani akijihesabia: hakujikata, hakujiunguza, hakupigwa sindano, hakubeba hata mtoto wa mtu, alilala na mkono juu ya mto kama mgonjwa wa hospitali miaka miwili. Nilimkumbusha kwamba muuguzi hakuahidi kitu. Masharti yanapunguza hatari, hayaiondoi. Tezi zilizotolewa na mionzi iliyopita kwapani ni hatari aliyokwisha kuibeba mwilini, na hiyo hakuna glavu ya kuizuia.

"Basi masharti ilikuwa ya nini?" akaniuliza.

Mpaka leo natafuta jibu la kumridhisha mtu aliyeyashika yote. Kwenye dispensari walimpa bandeji ya kunyumbuka, wakamwambia auinue mkono na aupumzishe. Bandeji iliupunguza kidogo asubuhi, jioni ukarudi. Ngozi ya mama, iliyokuwa laini kama unga uliokandwa vizuri, ilianza kuvutika na kung'aa.

Ndipo alipokuja Mamkubwa kutoka Kabuga. Huyu ni dada yake mama, mkubwa wake, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni kule, na ndiye mtu pekee mwingine aliyejua habari za titi. Alimpenda mama kuliko alivyowapenda wanawe, na mapenzi yake yalikuwa ya amri. Aliuvuta mkono kwenye mwanga wa mlango, akaubonyeza kwa kidole gumba. Shimo likabaki kwenye ngozi. Tulilitazama wote likijaa polepole.

"Wewe ulishika yote ile walikwambia?"

"Yote, Dada."

"Basi sikia. Ugonjwa ya hospitali inasikiaga hospitali. Hii imekataa kusikia. Hii iko ya watu. Kuna mutu amekushika."

Maneno yale yalikuwa yamefumwa vizuri kiasi kwamba sikupata uzi wa kuvuta. Kwetu magonjwa yalikuwa ya namna mbili tangu zamani, ya hospitali na ya watu, na dalili ya lile la pili ni hospitali kushindwa. Sumu ya kuwekewa kiganjani wakati wa salamu, kila mtu Kigali alikuwa amesikia habari zake. Wakaanza kutafuta ni nani, na hawakutafuta mbali. Wakamkuta jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke Mkristo aliyekuwa akiuza makaa, ambaye alimkumbatia mama matangani mwaka ule, mama asiwahi kurudi nyuma. Nilikuwepo siku ile. Yule mama alilia begani kwa mama kwa sababu marehemu alikuwa rafiki wa wote wawili.

Lakini mji mzima ulikuwa unatafuta wa kumnyooshea kidole, redio ilikuwa ikifundisha namna ya kumtafuta, na nyumba yetu haikuwa nje ya mji. Mama aliacha kununua makaa pale. Jirani alipomwamkia, mama aligeuza uso, na nilimwona yule mwanamke akisimama na gunia lake, akitutazama kwa woga ambao sikuupenda. Mwezi ule mtu aliyegeuziwa uso na jirani alikuwa na sababu ya kuogopa. Nilimwambia mama, nikamwambia na Mamkubwa, tena kwa sauti. Mamkubwa alinijibu kwamba mimi ninachojua ni nguo tu.

Siku moja ya Februari mvua ilinifukuza barazani mapema. Nilipoingia nyumbani nilikuta mama amekaa kwenye mkeka, mkono wake wa kulia uko wazi juu ya beseni, na juu yake zimesimama pembe tatu fupi za ng'ombe. Bibi mmoja wa mtaani, mpiga chuku, alikuwa ameinama akifyonza hewa kwenye ncha ya pembe ya nne na kuiziba kwa nta. Mamkubwa alikuwa ameshika taa ya mafuta ingawa ilikuwa mchana, ili bibi aone vizuri. Chini ya kila pembe ngozi ilikuwa imechanjwa.

"Mnafanya nini?"

"Usipige kelele, mwanangu," mama akasema. "Wembe iko mupya. Niliifungua mwenyewe. Na pembe tumezichemsha, mimi niliziangalia zikichemka."

Ndivyo alivyokuwa ameyafasiri masharti. Hakuyavunja kwa kutoyajali, aliyavunja akiwa anayashika, kwa maji ya moto na spiriti na karatasi mpya ya wembe pembeni mwa mkeka. Bibi aling'oa pembe ya kwanza. Hakikutoka kitu cheusi kama walivyotegemea. Yalitoka maji, mepesi, ya rangi ya chai iliyopauka, yakatiririka mpaka kiganjani.

"Ona!" Mamkubwa akapiga kelele. "Ona sumu! Mungu mukubwa, ona!"

Na jambo baya kuliko yote ni kwamba mkono ulilegea. Jioni ile mama aliweza kukunja vidole vyote. Alipika mwenyewe, akacheka, akasema tangu Nairobi hakuwahi kuusikia mkono ukiwa mwepesi hivyo. Mamkubwa alinitazama kwa ushindi. Sehemu zilizochanjwa ziliendelea kutoa maji, matone yakilowesha kitenge, na kila nilipopita nilikuwa nayaangalia. Niliogopa furaha ile kuliko nilivyouogopa uvimbe.

Mfa maji haachi kutapatapa, nami sikumlaumu mama kwa kutapatapa. Mamkubwa nilimlaumu. Alirudi Kabuga kesho yake akiwa ameridhika, na keshokutwa mama alianza kutetemeka kabla ya adhuhuri. Meno yaligongana. Nilimfunika blanketi mbili, kitenge juu yake, na bado kitanda kilikuwa kikitikisika. Nilipoufunua mkono niliona wekundu umeanzia kwenye chale na kupanda mpaka begani, una ukingo kama ramani, na joto lake nililisikia kabla sijaugusa.

Nilimvika, nikaufunga mkono kwenye kitenge shingoni, tukatoka kwa miguu kwa sababu siku ile magari hayakuwa yakipita. Walikuwa wameua mkubwa mmoja wa siasa na vijana walikuwa wameziba njia. Kwenye mteremko wa kuelekea mjini walikuwa wamepanga matairi na viti vya baa. Mmoja, mwenye filimbi shingoni, alimnyooshea mama fimbo, akamwita kizee.

"Mukecuru, fungura hiyo kitenge. Iko nini ndani?"

"Iko mukono, mutoto yangu."

"Mukono gani iko kubwa namna hiyo? Fungura!"

Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, lakini mama alinikanyaga mguu. Alifungua kitenge mwenyewe. Kijana aliangalia ile nyama nyekundu inayong'aa, akafikiri nini sijui, labda kwamba kuna kitu kimeshonewa chini ya ngozi. Akaubonyeza kwa kidole, kwa nguvu. Mama alifumba macho. Kidole kilipotoka, shimo likabaki pale, refu, na kijana akarudi nyuma akijifuta kidole kwenye suruali.

"Iko nini hii?"

"Iko maji. Ngoja kidogo, itajaa."

Walikuja na wengine kuangalia. Walisimama na fimbo zao, vijana wale ambao mtaa mzima ulikuwa ukiwakimbia, wakitazama shimo dogo likijaa kwenye mkono wa mama yangu. Kisha yule mwenye filimbi akatuambia tupite, tupite haraka. Sikuwahi kumwonea mtu huruma na kumchukia kwa wakati mmoja kama nilivyomwonea yule. Alikuwa mtoto wa mtu, na fimbo aliishika vizuri mno.

Hospitalini daktari alikuwa amechoka, macho mekundu. Alimpiga mama sindano ya penisilini mkono wa kushoto, akamlaza, na alipoziona chale akaketi kitandani.

"Nani alikata hapa?"

Mama akaangalia ukutani. Ikabidi nijibu mimi. Nilieleza kila kitu, sumu na pembe na wembe mpya.

"Mama, hii si sumu," akasema, kwa Kiswahili cha kujilazimisha. "Hii iko maji yako mwenyewe. Na wembe hata ikiwa mupya, mikrobe iko kwenye ngozi, inangoja mulango tu. Wewe umeifungulia milango mingi."

Nje ya chumba aliniambia mambo mawili, na niliyashika yote mawili. La kwanza, mkono wa namna ile unaweza kushikwa na homa ile hata bila jeraha, hata kama mtu amekaa tu. La pili, kila homa inaunguza njia chache zilizobaki, na hii ya chale imeunguza nyingi. Inayofuata itaukuta mkono hauna kinga kabisa. Itakwenda kasi zaidi. Alinipa vidonge vya kuweka nyumbani. Mama akitetemeka tu, aanze vidonge saa ile ile, na siku ile ile aletwe hospitali.

"Itarudi?" nikamuuliza.

"Inapendaga kurudi."

Mama alitoka akiwa hai, na mkono ukabaki mzito na mgumu, haukubali tena hata kubonyezwa. Kitu cha kwanza alichofanya alipopata nguvu ni kukaanga chapati na kuzipeleka kwa jirani muuza makaa. Sijui walisemezana nini. Niliwasikia wakilia, kisha nikawasikia wakicheka, na kesho yake makaa yetu yalitoka tena pale. Machi ikapita. Tuliweka vidonge kwenye kopo juu ya kabati, nami nikawa sitoki kwenda kazini kabla sijamgusa mama paji la uso. Alinitania kwamba namwamkia kama padri.

Asubuhi moja ya mwanzo wa Aprili redio ilisema kila mtu abaki nyumbani kwake, asitoke. Milio ilikuwa imeanza kusikika kutoka upande wa mjini na haikunyamaza. Tulifunga mlango, tukasogeza kabati nyuma yake. Siku ya pili tulisikia mlango wa jirani ukivunjwa, tukamsikia yeye, halafu hatukumsikia. Mama alishika kinywa chake kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi wa kazi, na sijui nilidhani nitafanya nao nini.

Siku iliyofuata mama alisema, "Nasikia baridi."

Hakuwa amejikata. Niliukagua mkono wote, kila kidole na katikati ya vidole, nikitafuta hata alama ya mbu, sikuona kitu. Nilimpa vidonge saa ile ile kama tulivyoambiwa. Sehemu ya pili ya agizo, ile ya kuletwa hospitali, ilikuwa ng'ambo ya vizuizi ambavyo havikuwa tena vya viti na matairi. Nilitoka mara moja, peke yangu, kutafuta hata sindano. Famasi ya karibu ilikuwa imevunjwa na rafu zake zimelala barabarani. Mtu niliyemfahamu kwa sura, mteja niliyemkatia suruali, alinisimamisha kwenye kona akiwa na panga lililolowa.

"Rudi nyumbani, mama," akaniambia kwa upole. "Leo hakuna dawa."

Nilirudi. Vidonge viliishusha homa, vikaisha, homa ikapanda. Wekundu ulivuka bega na kuingia kifuani, pale pasipo na titi. Homa ilikuwa imemsahaulisha, akaniuliza mbona hamsikii jirani akikohoa ng'ambo ya ukuta. Nikamwambia ametoka. Akaniuliza kama aliondoka salama, nikasema ndiyo, naye akanitazama kwa namna iliyoonyesha kwamba ameuelewa uongo wangu na ameupokea. Alikuwa na kiu. Alikufa mchana, mvua ya masika inanyesha, na mabomba yalikuwa yamekauka, kwa hiyo wanawake wawili wa ua wa nyuma waliruka ukuta, tukamwosha kwa maji ya mvua tuliyokinga kwenye sufuria zake za sambusa. Tulimzika uani. Makaburi yalikuwa mbali kuliko Nairobi.

Mamkubwa alifika Agosti, kwa miguu kutoka Kabuga, amekonda, kitenge kimoja tu mwilini yeye aliyekuwa akiuza vitenge. Wanawe wawili hakujua waliko. Alisimama mlangoni, akatazama ndani, akaona kitanda kitupu.

"Nani?" akaniuliza.

Mwaka ule watu hawakuuliza mtu amekufaje. Waliuliza nani, ukamtaja aliyeua, na mara nyingi ulikuwa unamfahamu. Mamkubwa alikuwa amejiandaa kwa jina. Nilimwona amejiandaa.

"Hakuna mtu, Mamkubwa. Ni mkono."

Hakuelewa. Ikabidi niseme tena: homa ya mkono, ilirudi Aprili, hatukuweza kutoka. Aliketi kizingitini, akaanza kujisugua mapaja kwa viganja, taratibu.

"Ilikuwa ile wembe?"

Swali lile nilikuwa nimelingoja tangu siku tulipomzika mama. Nilikuwa nimemwandalia jibu Mamkubwa, nikalinoa kila siku, na nilikuwa na haki nalo. Nilivitazama viatu vyake, vilikuwa vya wanaume, vya namba mbili tofauti.

Nikamwambia daktari alisema homa ile huja yenyewe, hata bila jeraha, hata mtu akiwa amekaa tu. Daktari alilisema hilo kweli, kwa mdomo wake. Lile la pili alilosema, la chale, sikulitaja. Mamkubwa akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika, akainamisha kichwa, akaanza kumlilia mdogo wake.